Katuni za Siasa na Mageuzi ya Demokrasia: Nani Huchorwa, Nani Hachorwi

Makada wengi wanapofungua gazeti huanza na katuni, hucheka, kisha huingia katika habari na tahariri kwa uso wa kazi, kana kwamba siasa huanzia pale kicheko kinapokwisha. Hata katika madarasa yetu ya itikadi, ambako hotuba ndefu huchambuliwa aya kwa aya, ni nadra kumsikia mkufunzi akiuliza katuni ya siku ile inasema nini, imemchora nani, na kwa nini imemchora huyo na si mwingine. Tunashikilia kwamba huo ni upungufu wa nadharia, na madhumuni ya makala hii ni kuuonyesha.

Hatusemi kwamba katuni huleta mageuzi. Mageuzi huletwa na watu waliojipanga, na hali ya uchumi inayowasukuma kujipanga. Katuni haigomi kiwandani wala haipigi kura. Kazi yake ni kupima. Katika kila kipindi cha historia, katuni huonyesha nani anaruhusiwa kutazamwa na umma na kuchekwa mchana kweupe. Katiba inaweza kueleza madaraka ya kiongozi kwa vifungu na ibara; katuni inaeleza umbali uliopo kati ya kiongozi huyo na macho ya mwananchi. Umbali huo unapobadilika, ndugu msomaji, ujue kuna jambo limebadilika nchini, hata kama hakuna kifungu kilichoguswa.

KWA NINI PICHA HUOGOPWA

Tuanze mbali kidogo, kwa kifupi. Mwaka 1830 wananchi wa Paris walimwondoa mfalme mmoja wakapata mwingine, Louis-Philippe, na katiba mpya ikaahidi kwamba magazeti hayatakaguliwa tena kabla ya kuchapwa. Waliofaidi hasa walikuwa mabwanyenye wa mabenki. Mchoraji Honoré Daumier akamchora mfalme kama jitu lililoketi kitini, kinywa wazi, ubao mrefu umeegemezwa mdomoni, na watu wanaupanda wakimwagia humo vikapu vya fedha zilizotoka kwa walalahoi. Mwaka 1832 Daumier alifungwa miezi sita. Lakini kinachotuhusu zaidi ni kilichofuata. Sheria ya Septemba 1835 ilitaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapwa, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Watawala walidai kwamba maandishi husema na akili lakini picha husema na macho, kwa hiyo picha si maoni, ni kitendo. Ukiondoa mapambo ya kisheria, maana yake ni nyepesi. Tahariri ilisomwa na wenye mali, ambao peke yao walikuwa na haki ya kura. Picha iliyotundikwa kwenye dirisha la duka ilionwa na kila mpita njia.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kalamu ya mchoraji siku zote iko upande wa wanyonge. Mwaka 1892 jarida la Punch la London lilimchora Cecil Rhodes kama jitu lililotanua miguu juu ya Afrika, mguu mmoja Cairo na mwingine Cape Town, mikononi ameshika waya wa simu. Wanafunzi wa historia wanaijua picha hiyo. Tunawaomba waitazame tena na kuwahesabu Waafrika waliomo. Hakuna hata mmoja. Afrika ni ardhi ya kukanyagwa, haina uso. Miaka miwili kabla ya mchoro huo, kwa mkataba wa Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha kugawana nchi hizi, na Mto Songwe, ambao Wandali na Walambya waliuvuka kwenda kuoa na kulima, ukafanywa mpaka. Sisi tunaoandika kutoka Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, tunaishi ndani ya ramani ile. Chitipa, iliyo ng'ambo katika Malawi, iko karibu nasi kuliko Mbeya mjini.

JEMBE, NYUMBA NA KIVULI

Sasa turudi nyumbani, na hapa tutakaa kwa muda, maana ni sehemu ya historia yetu ambayo husimuliwa kama kichekesho cha zamani wakati ni somo kubwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watu wazima wengi wa Tanganyika hawakujua kusoma. Hata mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Swali la kinadharia lilikuwa gumu: demokrasia ya watu wasiosoma itapigaje kura ya siri? Mkoloni alikuwa na jibu lake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo, na juu ya hayo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU iliikubali kura tatu hiyo kwa shingo upande katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ikaigeuza kuwa silaha ya kumshinda aliyeitunga.

Jibu la Taifa huru lilikuja mwaka 1965. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilikuwa imependekeza namna ya kuendesha demokrasia ndani ya chama kimoja. Katika jimbo, wagombea wawili, wote wanachama wa TANU, walisimama mbele ya wapiga kura. Walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi, walitakiwa kutumia Kiswahili, na mikutano yao iliandaliwa kwa pamoja. Kisha kila mmoja akapewa alama iliyochorwa: huyu jembe, yule nyumba. Wakati huo Bundali na Ulambya zilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na mkulima wa milima hii ambaye hakujua herufi moja aliingia katika chumba cha kura, akaona michoro miwili, akaamua.

Waliobuni alama hizo walikusudia zisiwe na upande. Jembe ni la kila mtu, nyumba ni ya kila mtu. Lakini hakuna picha isiyo na upande, na wagombea waligundua hilo upesi kuliko wataalamu. Mwenye jembe aliweza kusimama mbele ya wakulima na kuwauliza watakula nini bila jembe. Mwenye nyumba aliweza kujibu kwamba hata mwenye jembe, jua likizama, hurudi nyumbani. Hotuba zikajengwa juu ya michoro. Waliokuja kuangalia uchaguzi wakitafuta hoja za sera waliona kichekesho. Sisi tunaona wananchi wakianza kusoma siasa kwa picha, na wakisoma vizuri. Kwa michoro hiyo miwili, Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Kwa michoro hiyo hiyo Derek Bryceson, Mzungu, alichaguliwa Dar es Salaam na wapiga kura ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mtu mkubwa anaweza kuondolewa na mtu asiyejua kuandika jina lake.

Kura ya Rais ilikuwa jambo jingine. Mgombea alikuwa mmoja, na mwananchi aliulizwa ndiyo au hapana. Katika miaka ya chama kimoja, karatasi ya kura iliweka picha ya mgombea upande mmoja, na upande wa pili kivuli cheusi. Wazee wetu husema hadi leo, kwa utani, kwamba Mwalimu alishindana na kivuli. Tuutazame utani huo kwa makini. Ubunge ulikuwa na alama mbili zenye umbo. Urais ulikuwa na uso mmoja na giza. Kivuli hakina pua wala masikio, hakina sera, hakiwezi kuchorwa kwa sababu hakuna cha kuchora. Aliyetaka kusema hapana aliruhusiwa kusema, lakini hakuonyeshwa hapana hiyo ina sura gani.

Ng'ambo ya Songwe nako picha zilifanya kazi, tena kazi nzito. Katika Malawi ya Hastings Banda, aliyetangazwa Rais wa Maisha mwaka 1971, kumchora mkuu wa nchi kwa dhihaka kulikuwa kujitafutia gereza. Mnamo Machi 1992 maaskofu wa Kikatoliki walisoma waraka wa kukosoa utawala, shinikizo likakua ndani na nje, na tarehe 14 Juni 1993 wananchi wakaitwa katika kura ya maoni. Alama zilikuwa mbili: jogoo mweusi wa chama kilichotawala, na taa ya kandili kwa wanaotaka vyama vingi. Zaidi ya asilimia 60 walichagua taa. Tunawaomba wanafunzi walinganishe kandili hiyo na kivuli cha karatasi yetu. Hapana ya Malawi ilipewa umbo, na umbo lenyewe ni la kitu kinachoondoa giza. Ndugu zetu wa Chitipa waliopiga kura siku ile wanasema lugha zinazosemwa katika vijiji vya Isongole.

CHAKUBANGA NA UCHORAJI WA AINA

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Miongoni mwa masharti yake kwa viongozi ni kutopokea mishahara miwili, kutomiliki nyumba za kupangisha, na kutokuwa na hisa katika makampuni. Katika miaka hiyo hiyo gazeti la Uhuru, lililokuwa la TANU yenyewe, lilianza kuchapisha katuni za Christian Gregory zenye mhusika Chakubanga. Ukimtajia katuni msomaji wa rika lile, jina la kwanza litakalomtoka ni hilo.

Katuni hizo hazikuwa na mawaziri wenye majina. Zilichora aina za watu: bwana mkubwa mwenye kitambi, naizi aliyerithi kiti na kiburi cha mkoloni, mjanja wa mjini, mtu wa shamba anayeshangazwa na mambo ya jiji. Kwa nadharia yetu hilo lilikuwa na nguvu kubwa. Mchoro wa aina huonyesha tabaka na tabia yake, hauonyeshi bahati mbaya ya mtu mmoja. Pia humwachia msomaji kazi ya kumalizia. Mchoraji alichora kitambi na gari. Msomaji wa Mwanza alijaza jina la meneja wake, wa Tukuyu akajaza la katibu wake wa ushirika. Mchoro mmoja ukawa na majina elfu, na hakuna mahakama inayoweza kuyashtaki yote.

Lakini aina ina hila yake. Kwanza, mwenye kitambi halisi naye alilisoma gazeti, akacheka pamoja na wengine, maana kila mtu hudhani aliyechorwa ni jirani. Pili, mchoraji anayezuiwa kumlenga mkubwa kwa jina huvutwa kumlenga mdogo. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi na mavazi mengine kuanzia Januari 1969. Msichana wa mjini mwenye sketi fupi alikwisha kuwa mhusika wa kudumu wa mizaha ya magazeti ya wakati ule. Bwana mkubwa aliyemnunulia sketi alichekwa. Msichana alivamiwa barabarani. Hatuoni sababu ya kulifunika jambo hilo. Dhihaka iliyotakiwa kumpiga mnyonyaji ilipita juu ya kichwa chake ikamwangukia mfanyakazi wa kike na mwanafunzi.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Ibara yake ya 15, iliyolaani majivuno na ubabe wa wenye vyeo, ilikuwa karibu ni Chakubanga iliyoandikwa kwa lugha ya azimio: nayo ilichora aina. Wafanyakazi wa viwandani wakaikariri. Tofauti yao na wasomaji wa katuni ni kwamba walilijaza jina kwa sauti. Walisimama uani mwa kiwanda wakamtaja meneja fulani, wakataja matusi aliyowatukana na siku aliyowatukana, wakafunga milango. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilienea, na baadhi ya viwanda vilitwaliwa na wafanyakazi wenyewe. Mwanzoni walisikilizwa. Baadaye polisi waliitwa, na baadhi ya waliogoma walirudishwa makwao vijijini. Tunakitaja kipindi hiki katika makala ya katuni kwa sababu kinaonyesha mpaka kwa usahihi kuliko sheria yoyote. Kuchora aina kuliruhusiwa, hata kulitiwa moyo. Kutaja jina kuligusa dola. Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, iliuandika tu mpaka ambao ulikuwa umekwisha kuonekana.

Jambo hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akiwataka wanachama wakosoane kwa ukweli bila kuoneana haya. Na yeye mwenyewe alijua gharama ya kutaja. Mwaka 1958, kwa makala katika Sauti ya TANU iliyowashutumu mabwana shauri wa kikoloni, alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita.

KIVULI CHAPATA USO

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama wananchi wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, wengi wao wakitaka kirekebishwe. Tume ikapendekeza vyama vingi. Kwa hesabu ya haraka huo ni ukaidi. Lakini wachache waliosema hapana, tena katika nchi iliyoizoea hapana kama kivuli, walikuwa wengi mno kupuuzwa, na Tume iliorodhesha sheria 40 ilizoona zinabana haki, Sheria ya Magazeti ikiwamo. Tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikawa halali.

Magazeti ya watu binafsi yalichipuka, na karibu kila moja lilimtafuta mchoraji. Kuanzia hapo mabadiliko yanaonekana kwa macho: aina inarudi nyuma, sura inakuja mbele. Mwaka 1995 wagombea urais walikuwa wanne, Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, na kila uso ulikuwa na pua na mashavu ya kutia chumvi. Kipanya wa Ali Masoud, panya mdogo anayechungulia mambo ya wakubwa, akawa mkazi wa kurasa za magazeti yetu. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alikwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Daily Nation. Alifika wakati ambapo kumchora Rais Moi, jambo ambalo magazeti makubwa ya Kenya yalikuwa yakiliogopa, lilianza kuwezekana baada ya chama kimoja kuondolewa katika Katiba mwaka 1991. Nchi mbili jirani zikavuka mpaka ule ule katika miaka ile ile, na mmoja wa waliouchora uvukaji huo upande wa Kenya alikuwa Mtanzania.

Je, hii ni hatua mbele? Ndiyo, bila kusita. Wananchi wanaoweza kumcheka Rais kwa sura yake wamefupisha umbali ambao mkoloni aliuacha na ambao chama kimoja kiliurefusha. Lakini wanadharia hawapaswi kuishia kwenye shangwe. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge, ikiongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa jirani zetu wa Kyela, kutoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Wachoraji walikuwa na karamu. Sura moja ilibeba kashfa yote, na sura ilipoondoka madarakani wasomaji walihisi kwamba kashfa imeondoka nayo. Mwaka 2014 likaja suala la akaunti ya Tegeta Escrow, nalo ni la umeme, likitokana na mkataba wa IPTL wa mwaka 1995. Waziri mmoja aliondolewa, mwingine na Mwanasheria Mkuu wakajiuzulu. Zilichorwa nyuso mpya. Mkataba haukuwa na uso, kwa hiyo ulipita katikati ya karamu mbili bila kuchorwa ipasavyo: nani huandika mikataba ya namna hiyo, kwa haraka ya nani, na kwa nini gharama yake humfikia mwenye mashine ya kusaga. Sisi wa Ileje tunalo la kwetu la kufikiria, maana mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, mali ya umma, uliuzwa katika miaka ya 2000 kisha ukarudishwa Serikalini, na mashimo yake tunayaona.

Hili ndilo tunalotaka makada walishike. Mchoro wa aina ulionyesha mfumo ukaficha mhusika. Mchoro wa sura unaonyesha mhusika na unaweza kuficha mfumo.

Kuna kipimo rahisi ambacho mtu wa Itumba anakijua bila kufundishwa. Kwa miaka mingi gazeti la Dar es Salaam liliweza kufika kwetu kama karatasi ya kufungia sukari au maandazi, wiki au miezi baada ya kuchapwa. Katuni ya waziri fulani ikifika hivyo ilikuwa imekufa. Anayefungua maandazi hajui tena ni kisa gani. Katuni ya karani anayemwambia mkulima aje kesho ilifika ikiwa hai kabisa.

KUTOKA KARATASI HADI SIMU

Hatua ya mwisho tutaipita upesi, maana bado haijatulia. Mnamo Januari 2015 Serikali ililizuia The EastAfrican kusambazwa nchini kwa hoja kwamba halikusajiliwa, ingawa lilikuwa likiuzwa hapa kwa takriban miaka 20. Muda si mrefu kabla ya hapo lilikuwa limechapa katuni ya Gado iliyomchora Rais Kikwete kwa ukali, na wengi waliyahusisha mambo hayo mawili. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilichukua nafasi ya ile ya 1976, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilivikuta baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kanuni za 2018 zikadai leseni kwa maudhui ya mtandaoni. Mwaka 2021 mchoraji mmoja alikamatwa na kushtakiwa kwa sababu ya katuni iliyomgusa mkuu wa nchi. Kisha upepo ukageuka kiasi: Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa yalirudishiwa leseni, na Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara ya vyama, lililodumu tangu 2016, liliondolewa.

Wakati haya yakitokea, katuni ilihama. Katuni ya gazeti ina jina la mchoraji pembeni na mhariri anayeweza kuulizwa. Picha inayopita katika simu haina mmoja wala mwingine. Mara nyingi si mchoro tena, ni picha ya kiongozi iliyobandikwa kichwa cha mnyama, na anayeituma haongezi neno. Kada anayelalamika kwamba vijana wamepoteza adabu anaona matokeo, haoni chanzo. Pale uso unapokatazwa kuchorwa na fundi, mahali panaponunuliwa kwa shilingi na kuhifadhiwa, utachorwa na asiye fundi, mahali pasipojulikana. Fundi hujua tofauti ya kukosoa na kutukana, maana kazi yake yote imo ndani ya tofauti hiyo.

KAZI YA KADA

Katika mazungumzo yetu na wanafunzi hapa Itumba, wengi waliuliza kama kada anayeona kiongozi wake amechorwa vibaya hapaswi kumtetea. Anapaswa, ikiwa mchoro ni wa uongo, na amtetee kwa ukweli, si kwa kuichana karatasi. Lakini kwanza ausome. Achunguze kama mchoro umechora aina au sura. Ikiwa ni sura, atafute mfumo gani umesimama nyuma yake na haukuchorwa. Ikiwa ni aina, atafute jina gani wananchi wa kata yake wanalijaza pale, na awe tayari kulisikia hata likiwa lake. Aangalie pia nani hayumo kabisa, kama Waafrika wasivyokuwamo chini ya miguu ya Rhodes. Kwa mfano, katika katuni nyingi za uchaguzi za miaka hii mkulima huonekana akipokea kanga na kofia, mdomo wazi. Mwaka 1965 mkulima huyo huyo alimwangusha Waziri wa Fedha. Kwa nini mchoraji wetu hamwoni akiangusha mtu? Huenda mchoraji ana kasumba ya mjini. Huenda pia anachora anachokiona, na hapo swali linahama kutoka kwake kuja kwetu.

Tunapendekeza kila darasa la itikadi liwe na jalada la katuni, zimebandikwa kwa tarehe, pamoja na habari ya siku ile. Jalada hilo halihitaji bajeti, linahitaji mkasi na gundi. Picha za simu nazo zichapishwe, mbaya na nzuri, maana zikifutwa hakuna atakayejua miaka hii watu walicheka nini. Lakini kazi ianze na magazeti ya kabla ya 1992 yaliyobaki makabatini na katika masanduku ya wazee, hasa Uhuru na Mzalendo, kwa sababu karatasi yake ni dhaifu na mchwa wa huku hawangoji.